Uzi: Programu mbili chini ya saiti moja kwenye IIS, web.config (faili la mipangilio) ya juu inaziua za chini. Wajuzi wa seva njooni

#1 mtandawala_

Habari za mda huu wakuu.

Nina seva ya Windows Server 2019 yenye IIS 10 (programu ya Microsoft ya kuhudumia tovuti), domeni moja, cheti kimoja cha SSL, na bosi hataki kusikia habari za kuongeza domeni. Pale juu kwenye mzizi kuna portal ya zamani, MVC 5 kwenye .NET Framework 4.7.2, waliiandika watu wengine ambao hawapo tena na ofisi nzima inaitegemea. Mimi nimepewa kazi ya kuweka vitu viwili chini yake, /ripoti ambayo nayo ni MVC 5 (Framework 4.8) na /api ambayo ni ASP.NET Core 8. Zote nimezisajili kama Application kwenye IIS, sio folda tu.

Kwenye laptop zote zinapiga kazi fresh kabisa. Nikipandisha kwenye seva /ripoti inanipa hii:

HTTP Error 500.19 - Internal Server Error
Error Code 0x800700b7
Cannot add duplicate collection entry of type 'add' with unique key attribute 'name' set to 'ErrorLog'

Na /api yenyewe inafunguka, ukiita kwa GET data zinakuja, ila ukituma kwa POST inarudi 405 (yani njia hiyo ya kutuma hairuhusiwi). Tena sio zote, baadhi tu, na hapo ndo kichwa kinaniuma zaidi maana kodi ni ileile iliyokuwa inafanya kazi kwangu.

Msaada wenu tafadhali. Portal siruhusiwi kuigusa ovyo, ikizima asubuhi hizo simu nitakazopigiwa sitaki hata kuziwaza.


#2 Kibopa wa Kodi

Kila programu ipe puli yake kwenye Application Pools, mchezo umeisha.


#3 mtandawala_

Ziko tatu tofauti mkuu, tangu mwanzo. Ya /api nimeiweka No Managed Code kabisa kama maelekezo yanavyosema. Hali ni ileile.


#4 Mzee Kiyoyozi

Mkuu #2 usikasirike ila huu ushauri wa "tenganisha puli" unazunguka kwenye magrupu mpaka watu wameuamini kwa kila ugonjwa. Puli inatenganisha michakato, yani kila programu inapata w3wp.exe yake na kumbukumbu yake, ikianguka haimwangushi mwenzake. Mipangilio haina habari na puli. Mipangilio inarithiwa kwa kufuata njia ya anwani, kutoka juu kushuka chini, basi.

Mtiririko wenyewe uko hivi. Inaanza machine.config, inafuata web.config ya mashine nzima iliyoko C:\Windows\Microsoft.NET\Framework64\v4.0.30319\Config, inafuata applicationHost.config iliyoko C:\Windows\System32\inetsrv\config, halafu web.config ya saiti (kwako wewe ndo hiyo ya portal), halafu ndo inafika ya /ripoti. Kila ngazi inaongezea juu ya ile iliyotangulia, haifuti. Kwa hiyo mpaka IIS inafika kusoma faili lako tayari imeshabeba mkononi kila kitu cha portal.

ErrorLog ni modyuli ya ELMAH, maktaba ya kurekodi makosa ya programu za ASP.NET. Portal imeiandika, na wewe /ripoti umeiandika kwa jina hilohilo, IIS inakuta jina lipo inagoma. Hiyo 0x800700b7 maana yake ndo hiyo, kitu kimeandikwa mara mbili. Kwa faida ya wengine watakaopita hapa: ukiona 500.19 usihangaike na namba 500.19 maana hiyo ni "faili la mipangilio lina shida" tu, angalia ile kodi ya chini yake. 0x80070021 ni sehemu imefungwa na ngazi ya juu, hauruhusiwi kuiandika huko chini. 0x8007000d mara nyingi ni XML imeharibika au umeandika sehemu ambayo modyuli yake haijawekwa kwenye seva, URL Rewrite ndo inaongoza kwa hilo. 0x80070005 ni ruhusa, IIS haiwezi kulisoma faili. Magonjwa manne tofauti, jina la hospitali moja.

Kwenye laptop hukuiona kwa sababu IIS Express inaiendesha /ripoti kama saiti inayojitegemea, hakuna mzazi juu.

Sasa hiyo 405. Fungua web.config ya portal utafute rewrite, yani kanuni za kubadili anwani. Nina wasiwasi kuna ile rule ya kugeuza herufi kubwa kuwa ndogo kwenye anwani, watu wa SEO walikuwa wanaipenda sana. Nayo imerithiwa. Mtu akituma POST kwenda /api/Malipo/Hakiki anapigwa 301 (kuelekezwa anwani nyingine) kwenda /api/malipo/hakiki, kivinjari kikipata 301 kwenye POST kinarudi na GET, ile njia haipokei GET, unaona 405. GET zenyewe zinazungushwa vilevile ila zinafika salama ndo maana hujashtuka. Bonyeza F12 uangalie Network utaiona 301 imekaa pale kabla ya 405. Hizo POST zinazokubali nadhani anwani zake umeziandika herufi ndogo tupu.


#5 mtandawala_

Aisee. Ipo kweli, inaitwa LowerCaseRule1, na 301 nimeiona. Nilikuwa nshaanza kubomoa kontrola zangu zote.

Kwa hiyo natoka vipi hapo bila kuigusa portal?


#6 otis_wa_backend

Boss si uweke tu clear kwa hiyo modules ya child, halafu uandike zako upya? Hiyo ndo mimi hufanya hapa Nairobi kwa rules na haijawahi nisumbua.


#7 Mzee Kiyoyozi

Kwa rules sawa kabisa ndugu yangu Otis. Kwa modules hapana. Orodha ya modules ndani yake kuna zile za IIS yenyewe, ya faili za kawaida, ya ukurasa wa mwanzo, ya uthibitisho na kadhalika, na nyingi zimewekewa lockItem="true" kule applicationHost.config. Ukiandika clear utapigwa 500.19 nyingine, safari hii 0x80070021 lock violation. Na hata ingekubali ungebaki na programu isiyojua kutoa hata picha. Kwenye modules unataja jina mojamoja.

Kwenye web.config ya /ripoti:

<system.webServer>
  <modules>
    <remove name="ErrorLog" />
    <add name="ErrorLog" type="Elmah.ErrorLogModule, Elmah" preCondition="managedHandler" />
  </modules>
  <rewrite>
    <rules>
      <clear />
    </rules>
  </rewrite>
</system.webServer>

Kama umeandika na ErrorMail na ErrorFilter nazo zifanyie hivyohivyo, maana IIS inakuonyesha ya kwanza tu, ukiirekebisha inakuletea inayofuata. Uzuri wa remove ni kwamba ukitaja jina ambalo halipo hailalamiki, kwa hiyo faili hilohilo litafanya kazi kwenye laptop na kwenye seva.

Kwa /api weka ile clear ya rules. Ila angalizo, Core inajitengenezea web.config yenyewe ukifanya publish, ukienda kuhariri kule kwenye seva safari ijayo itafutwa. Weka web.config kwenye mzizi wa projekti yako, publish itaichukua na kujaza tu yale ya aspNetCore.

Halafu jifunze hii amri, itakuokoa kuliko kubahatisha. Fungua CMD kama admin:

%windir%\system32\inetsrv\appcmd list config "Portal/ripoti" /section:system.webServer/modules

Badala ya Portal weka jina la saiti yako. Inakuonyesha orodha iliyokwisha kuchanganywa kama IIS inavyoiona, sio kama wewe unavyodhani umeandika. Kama hupendi CMD fungua IIS Manager, bonyeza programu yako, ingia Modules, kuna safu ya Entry Type imeandika Local au Inherited. Hiyo safu watu wanairuka kama tangazo.


#8 bint_seva

Niongezee hapo, hiyo ya kuandikwa mara mbili ipo pia kwenye mimeMap na httpErrors. Mtu anaweka .json au .woff2 kwenye web.config, inakaa vizuri miaka, seva inahamishwa kwenda Windows mpya ambayo tayari inayo kwenye applicationHost.config, picha, CSS na JS vyote vinakufa na ukurasa unatoka mweupe kama karatasi ya kura. Dawa ni kutanguliza remove fileExtension kabla ya kuongeza. Kwa 404 yako mwenyewe unaandika remove statusCode="404" subStatusCode="-1" ndo unafuatisha yako.


#9 mtandawala_

Mrejesho. POST za /api zote zinapita sasa, asante sana. 500.19 kwenye /ripoti imeondoka. Ila sasa naletewa ukurasa wa njano:

Could not load file or assembly 'Portal.Ukaguzi' or one of its dependencies. The system cannot find the file specified.

Mimi sina kitu chochote kinaitwa Portal.Ukaguzi!


#10 Kibopa wa Kodi

Hiyo rahisi, chukua hiyo DLL kwenye bin ya portal uikopi kwenye bin ya ripoti. Imeisha hiyo.


#11 Mzee Kiyoyozi

Usifanye hivyo.

Kinachotokea ni hiki: portal ina modyuli yake ya kuandika nani kafanya nini, imesajiliwa kwenye web.config yake. Usajili umerithiwa ila bin hairithiwi, kila Application inatafuta DLL kwenye bin yake tu. Yani umerithi deni la marehemu ila shamba wamechukua wengine. Ukikopi DLL ukurasa utafunguka, sawa, lakini sasa /ripoti itakuwa inaendesha modyuli ya ukaguzi ya portal, itatafuta connection string ya portal, na siku portal ikipandishwa toleo jipya la hiyo DLL ya kwako inabaki ya zamani. Hapo umejitafutia bugi ambayo mtu atakayekuja kuitafuta hatajua aanzie wapi.

Ukitaka kuendelea bila kuigusa portal, weka remove name ya hiyo modyuli. Ila utaendelea kukimbizana nazo mojamoja na kila watu wa portal wakiongeza kitu wewe unakufa bila taarifa. Mahali sahihi pa kuzuia ni kwa mzazi. Kwenye web.config ya portal unazungushia hivi:

<location path="." inheritInChildApplications="false">
  <system.webServer>
    ...yote yaliyokuwepo...
  </system.webServer>
</location>

Portal yenyewe haihisi chochote, inaendelea kusoma mipangilio yake. Watoto ndo hawaioni tena. Unaweza kuzungushia system.web, connectionStrings na appSettings pia.

Mambo ya kuangalia, na haya nayasema kwa sababu hiyo portal ni ya watu:

configSections haiingii ndani ya location, inabaki nje na lazima iwe ya kwanza kabisa ndani ya configuration. Kwa hiyo zile zitaendelea kurithiwa. Hapa ndo wenye mzazi wa .NET 3.5 na mtoto wa .NET 4 wanapoumia, sehemu za system.web.extensions zilizotangazwa kwenye faili la 3.5 zinagongana na zilizokwisha kutangazwa kwenye machine.config ya 4 na mtoto hawaki. Kwako haikuhusu.

Visual Studio itaipigia mstari inheritInChildApplications kwamba haijui. Iache ilalamike, inafanya kazi.

Inazuia kwa Application tu. Kama kuna folda zimeunganishwa kama virtual directory, zile ni sehemu ya portal, zinaendelea kurithi na ndivyo inavyotakiwa.

Na ukisave web.config, ASP.NET inaiwasha programu upya hapohapo. Kama portal inatunza session kwenye kumbukumbu ya mchakato, kila aliyekuwa katikati ya kujaza fomu anapoteza. Fanya jioni watu wakishaondoka, weka nakala ya faili la zamani pembeni nje ya folda ya saiti, na hilo badiliko lipeleke kwenye Git ya portal, la sivyo deployment ijayo inakurudisha hapahapa.


#12 mtandawala_

Nimeongea na wahusika wameridhia, jioni hii naifanya. Nimezungushia system.web na system.webServer zote mbili. Ntarudi.


#13 mtandawala_

WAKUU IMEWAKA. /ripoti inafunguka safi, nimeondoa na zile remove zote, web.config yangu imebaki fupi inapendeza. Mungu awabariki sana.


#14 bint_seva

Hongera kaka, ila kabla hujafunga laptop fungua dirisha la siri la kivinjari, lile lisilo na cookies, uende moja kwa moja /ripoti bila kuingia kwenye portal. Uniambie unaona nini.


#15 mtandawala_

Dah.

Ripoti zote zinaonekana. Bila kulogin.


#16 bint_seva

Nilihisi. Portal ina authorization ya deny users="?" kwenye system.web, na /ripoti yako ulivyosema hauna ukurasa wa kulogin kwahiyo ulikuwa unalindwa na hiyo ya kurithi. Umekata urithi, umekata na mlinzi. Rudisha kwenye web.config yako mwenyewe sasa hivi:

<system.web>
  <authorization>
    <deny users="?" />
  </authorization>
</system.web>

Na authentication ya Forms uiandike pia kwako. Jina la cookie liwe lilelile la portal, na loginUrl andika "/Akaunti/Ingia" au chochote kinachotumika kule lakini ianze na mkwaju, usikopi "~/Akaunti/Ingia" kutoka kwa portal. Ile tilde kwako inamaanisha /ripoti, mtu atapelekwa /ripoti/Akaunti/Ingia ambayo haipo anapata 404.

Kitu cha pili angalia machineKey. Cookie ya kulogin imefungwa kwa funguo za machineKey. Kama portal ina machineKey iliyoandikwa kabisa na umeifungia ndani ya location, /ripoti haitaweza kuifungua cookie ya portal na mtu atazungushwa kulogin milele, analogin anarudishwa, analogin anarudishwa. Itoe machineKey nje ya location, inaruhusiwa kuwa na system.web nyingine nje yenye machineKey peke yake ilimradi machineKey hiyo haipo tena kule ndani. Kama portal haina machineKey iliyoandikwa, chaguo la kawaida ni kila programu kujitengenezea funguo zake, kwahiyo mtahitaji kuandika moja kwa ajili ya zote mbili.

Cha tatu, pitia kila kitu kilichokuwemo kwenye system.webServer ya portal. Redirect ya kutoka http kwenda https ilikuwemo? Headers za usalama kama X-Frame-Options? Kikomo cha ukubwa wa faili kwenye requestFiltering? Vyote hivyo /ripoti na /api zilikuwa zinavipata bure. /api na ile clear yako ya rules ilishapoteza https tangu juzi kama redirect ilikuwa kwenye rewrite.


#17 Mzee Kiyoyozi

Dada kaongea. Hili eneo wengi tunaandika "weka inheritInChildApplications false, funga uzi" na kuondoka. Kwenye urithi kuna vinavyopiga kelele na kuna vilivyo kimya, na vya kimya ndo vya kuogopa. modules, handlers, mimeMap zikigongana unapata 500.19 na huwezi kuendelea mpaka urekebishe. Lakini appSettings ikigongana hakuna eror, ya mtoto inashinda kimyakimya, na ambayo mtoto hajaandika anasoma ya mzazi. Nimekutana na ofisi moja programu ya majaribio iliyowekwa chini ya saiti halisi, mtu kasahau kuandika ufunguo wa SMS kwenye ya majaribio, ikachukua wa juu. Wateja wakawa wanapokea "test test 123" usiku.

connectionStrings iko katikati, ukirudia jina unapata "The entry has already been added" kwahiyo angalau unajua, ila usiporudia unatumia ya mzazi bila kujua.

Kwahiyo kabla ya kukata urithi toa ile orodha ya appcmd ya kila sehemu uisome, ukate ukijua unakata nini.


#18 mtandawala_

Nimerudisha authorization, machineKey ilikuwa imeandikwa, nimeitoa nje. Dirisha la siri sasa linanipeleka kulogin, nikilogin narudi /ripoti vizuri. Redirect ya https ilikuwa kwenye rewrite kweli, nimeiandika kwenye zote mbili.

Bint_seva nakudai soda.


#19 chande_hosting

Mimi Windows siijui hata kidogo lakini nimesoma uzi wote maana haya mambo yananikuta kwenye cPanel (paneli ya kusimamia hosting) kila siku. Mteja ana WordPress kwenye public_html, anaongeza domeni ya pili, cPanel inampa folda ndani ya public_html, basi domeni ya pili ukiifungua inakurusha kwenye domeni ya kwanza. Anasema kadukuliwa.

Apache inatafuta .htaccess kwa kupanda folda za diski, haijali domeni inaanzia wapi. Kwahiyo .htaccess ya public_html inaihusu domeni ya pili pia hata kama mteja anaziona kama saiti mbili zisizojuana. Ile rule ya "kama host sio domeni kuu, peleka kwenye domeni kuu" inaila domeni ya pili mzimamzima.

Tofauti na hiyo IIS yenu ni kwamba rules za mod_rewrite hazichanganywi. Ukiweka .htaccess kwenye folda ya mtoto ukaandika RewriteEngine On tu, rules za mzazi zinaachwa zote mpaka uziombe mwenyewe kwa RewriteOptions Inherit. Ila hiyo ni mod_rewrite peke yake. Redirect ya kawaida, ErrorDocument, Header, hizo zinashuka na mtoto anazipata. Watu wanaweka RewriteEngine On wanashangaa bado wanarushwa, kumbe mzazi katumia Redirect 301 ambayo ni modyuli nyingine kabisa.

Na toleo la PHP nalo linarithiwa. cPanel ukichagua PHP ya domeni inaandika mstari wa AddHandler kwenye .htaccess ya folda yake, kwahiyo ukishusha public_html kwenda PHP ya zamani kwa ajili ya plagini ya kizee na domeni ya pili haina mstari wake, nayo inashuka.

Mimi siku hizi domeni ya pili naiweka nje ya public_html kabisa, /home/jina/domeniyapili. Cha ajabu .user.ini yenyewe haipandi hivyo, PHP inaitafuta kuanzia folda ya skripti mpaka mzizi wa domeni husika na inaishia hapo.


#20 nginx_pekee

Ndo maana mimi nilihamia nginx. Hakuna .htaccess, hakuna urithi, hakuna stress. Nyie endeleeni 😂


#21 bint_seva

Urithi upo kaka, tena wa ajabu kuliko hizo zote. Andika add_header zako tatu za usalama kwenye server, halafu kwenye location /api/ ongeza add_header moja tu ya Cache-Control. Piga curl -I uangalie. Zile tatu hazipo. add_header zinarithiwa kutoka ngazi ya juu pale tu ambapo ngazi ya chini haina hata moja, ukiandika moja zote za juu zinaondoka. proxy_set_header vilevile, ukiongeza moja ndani ya location unapoteza Host na X-Forwarded-For ulizoandika juu, programu ya nyuma inaanza kuona wageni wote wana IP ya 127.0.0.1.


#22 nginx_pekee

Ngoja nikaangalie kitu.


#23 otis_wa_backend

😂😂 huyo hatarudi leo


#24 mtandawala_

Wakuu samahani narudi tena. Wameongeza API nyingine, /arifa, Core 8 pia. Urithi umekaa sawa, nimeangalia. Nimeiweka kwenye puli ileile ya /api ili nisijaze mapuli. Moja ikiwaka nyingine inatoa HTTP Error 500.35.


#25 Mzee Kiyoyozi

Hapo sasa ndo pa puli. Core ikiendeshwa ndani ya w3wp, ambayo ndo kawaida yake kwenye IIS siku hizi, inaruhusiwa programu moja tu kwa puli. Itengenezee puli yake, No Managed Code kama ile nyingine. Ukiona 500.34 ujue ni ndugu yake, mmoja kawekwa inprocess na mwingine outofprocess kwenye puli moja.

Na kwa kuwa mnaendelea kuongeza vitu chini ya hiyo portal, nakushauri muongee na bosi mapema. Mpangilio ambao mimi nausimamia ni saiti kuwa na folda tupu kwenye mzizi, ndani yake web.config yenye yale ya wote tu kama https na headers, halafu portal inakuwa /portal, ripoti /ripoti, zote ndugu na hakuna aliye mzazi wa mwenzake. Anayefungua domeni tupu unampeleka /portal. Gharama yake ni viungo vilivyoandikwa kwa kuanzia na mkwaju ndani ya portal, "/Content/..." na wenzake, hivyo vitavunjika na kuvisaka ni kazi ya kuchosha. Kama portal imetumia Url.Content na Url.Action kila mahali hautakuwa na kazi kubwa.

Hiyo ya domeni ndogo aliyoikataa bosi sio mbaya pia, tangu IIS 8 vyeti vingi vinakaa kwenye IP moja port 443 kwa SNI (kivinjari kinataja domeni kabla cheti hakijachaguliwa), ila hapo /api itahitaji CORS (ruhusa ya kurasa za domeni moja kuita nyingine) na cookie ya kulogin iandikiwe domain, kwahiyo unahama tatizo moja unaingia jingine.


#26 mtandawala_

Puli mpya imewaka. Nimefanya search ya src="/ na href="/ kwenye views za portal, zinatisha mzee. Nitaandika makadirio niwapelekee, wenyewe waamue.


#27 nginx_pekee

Nimerudi. Headers zilikuwa hazipo kwenye location mbili. Nimeziweka kwenye faili la pembeni nala-include kila mahali.


#28 mgeni_tomcat

Je kwa Tomcat (seva ya programu za Java) nina WAR mbili, yani programu mbili zilizofungashwa, na conf/web.xml moja, session-timeout ya juu inaingia kwenye zote?


#29 chande_hosting

Inaingia kwa zote, conf/web.xml inasomwa kwanza kwa kila programu, halafu ya WEB-INF/web.xml ya programu husika inafuata. Ukiandika session-timeout kwenye ya WEB-INF yako ndo itakayoshika. Fungua uzi wake mkuu tusichanganye, utag humu.